Piramidi ya Rutovu, jengo ambalo hakuna mtu analala ndani

Mara hii tumeleta historia ya jengo moja dogo sana. Liko juu ya kilima cha Rutovu, upande wa Bururi, sehemu ambayo tangu mikoa ibadilishwe inaitwa Burunga. Ni piramidi ya mawe iliyojengwa mwaka 1938. Haina chumba. Hakuna mtu amewahi kulala ndani, hakuna mfalme amezikwa chini yake, haikuhifadhi hata gunia moja la maharage. Imekaa tu pale, inaangalia ng'ombe.

Tuliichagua kwa sababu ya swali lililotugawanya kikundi kizima tangu mwezi wa tatu: je, ni halali kujenga kitu cha kuangaliwa tu mahali ambapo watu wako na njaa? Tutafika kwenye hilo swali. Kwanza historia.

Majengo ya namna hii hayakuanzia Burundi. Ulaya, miaka kama mia mbili na hamsini au mia tatu iliyopita, matajiri walikuwa na desturi ya kupamba bustani zao kwa majengo ya uongo: hekalu ambalo hakuna anayesali ndani, ngome ambayo haijawahi kuona askari, nyumba iliyojengwa ikiwa tayari imebomoka ili ionekane ya kale. Wafaransa wanayaita folie, neno ambalo kwa maana nyingine ni wazimu, na kweli ukiangalia gharama utaona jina limepatana na kitu. Katikati ya Paris kuna bustani inaitwa Parc Monceau. Mtawala mdogo wa Chartres, ndugu wa ukoo wa mfalme, aliitengenezesha kati ya 1773 na 1779 na mchoraji Carmontelle. Ndani aliweka nguzo za Kirumi, kinu cha upepo, na piramidi ndogo ya Kimisri. Piramidi hiyo iko hadi leo, watoto wa Paris wanachezea kando yake. Mwenyewe hakuifaidi sana. Mapinduzi yalikuja, na mwaka 1793 akakatwa kichwa.

Sasa sikilizeni hii nyingine, maana ndiyo iliyotuchoma. Majira ya baridi ya 1739 kwenda 1740, Ireland ilipatwa na baridi kali isiyo ya kawaida. Viazi viligandia ardhini vikaoza, na mwaka uliofuata, na ule wa 1741, watu walikufa kwa maelfu mengi. Karibu na Dublin aliishi mama mjane tajiri, Katherine Conolly, mwenye jumba la Castletown. Yeye akatoa kazi. Aliwaajiri wenye njaa wajenge matao makubwa ya mawe na juu yake mnara wenye ncha, jumla kama mita 42 kwenda juu. Inasemekana walilipwa nusu peni kwa siku. Mnara haukuwa na kazi yoyote, isipokuwa ukisimama kwenye madirisha ya Castletown ukiangalia mbali, unauona. Basi.

Mmoja wetu aliposoma hiyo alisema: kumbe kazi za kulipwa za kambini ni za zamani hivyo! Wote tulicheka, lakini si cheko la furaha. Tunazijua hizo kazi. Unapewa jembe, unachimba mtaro, mvua inauziba, mwezi ujao wanachimba wengine mtaro uleule. Unapaka mawe chokaa nyeupe pembeni ya njia kwa sababu wageni wanakuja. Hatuzidharau. Ile faranga ilinunua sabuni na madaftari. Na kuna jambo lililofichika kwenye ule uamuzi wa mama Conolly: kama angewalipa wajenge barabara au ghala, pengine angewanyang'anya kazi mafundi wa pale kijijini. Kitu kisicho na faida hakishindani na mtu. Hiyo ni hoja, na wahisani wa leo bado wanaitumia kwa maneno mengine. Ila sisi tunauliza pia: yule mtu aliyebeba jiwe akiwa na njaa, alipoinua macho akaona ncha ya mnara, alifikiri nini? Mama Conolly anajulikana jina. Wabeba mawe hawajulikani.

Turudi Rutovu. Kwa nini piramidi, na kwa nini pale?

Kwa sababu ya Mto Nile. Zamani Warumi walikuwa na msemo kwa Kilatini, kutafuta kichwa cha Nile, caput Nili, maana yake kutafuta kisichopatikana. Sisi tungesema kufukuza upepo. Ptolemy, mtaalamu wa jiografia wa Alexandria katika karne ya 2, aliandika kwamba mto unaanzia kwenye Milima ya Mwezi. Baada ya hapo karne zikapita watu wakichora ramani za kubahatisha. Mwaka 1862 Mwingereza Speke alisimama pale ambapo maji yanatoka Ziwa Victoria, Jinja ya Uganda ya leo, akasema kazi imekwisha. Wenzake wengi hawakukubali. Livingstone alikuwa na hesabu zake, alifikiri huenda Tanganyika nayo inahusika. Ndiyo sababu mwezi wa 11 mwaka 1871, yeye na Stanley walipiga makasia mpaka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika kwenda kuuangalia mto Rusizi: je, unatoka ziwani au unaingia? Waliukuta unaingia. Kwa hiyo Tanganyika ikafutwa kwenye orodha. Wakiwa safarini walilala Mugere, kusini ya Bujumbura, na jiwe lenye majina yao liko pale mpaka leo.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapo kwenye Rusizi. Sisi wengine tuliuvuka huo mto. Baba na mama zetu waliuvuka kwenye miaka ya vita, na mwanzoni mwa 2025 ndugu wengine wa Uvira na Kamanyola waliuvuka tena kwa maelfu, wengine wakiogelea na watoto mgongoni, wakaenda kulala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Hakuna aliyekuwa anajali unatoka au unaingia. Walichojali ni kina chake.

Baadaye akaja Oscar Baumann, Mwaustria, mwaka 1892. Alipita katikati ya Burundi, na watu walimpokea kwa nyimbo wakidhani ni Mwezi, mfalme wa kale aliyerudi. Hilo lilimfurahisha sana, maana Mwezi na Milima ya Mwezi vilifanana masikioni mwake. Akatangaza kwamba Ruvubu ndio mwanzo wa Nile. Mwaka 1898 Mjerumani Richard Kandt akaenda upande wa Rwanda, msitu wa Nyungwe, akatangaza chemchemi nyingine. Mwishowe, mwaka 1937, Mjerumani Burkhart Waldecker akafuata maji mpaka chini ya kilima cha Gikizi, Rutovu, kwenye chemchemi ya Kasumo. Mwaka uliofuata ikajengwa piramidi juu ya kilima na kuandikwa kwa Kilatini kwamba hapa ndipo kichwa cha Nile cha kusini kabisa kuliko vyote. Umbo la piramidi ni salamu kwa Misri: mto unaishia kwenye piramidi kubwa, basi na uanzie kwenye ndogo.

Tuangalie ile tarehe. Mwaka 1937 Ujerumani ilikuwa mikononi mwa Hitler, na Burundi ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji waliowatoa Wajerumani mwaka 1916. Wakati ule Warundi walikuwa wanatolewa majumbani kwa kazi za shuruti, kulima kahawa, kuchimba barabara, kubeba mizigo, na fimbo ilikuwa karibu. Wengi walitoroka kwenda kutafuta vibarua Uganda na Tanganyika. Kwa hiyo wakati mmoja anapanda mto kutafuta mwanzo wake, wengine walikuwa wanashuka upande uleule wa maji wakitafuta pa kupumua. Historia ya shule huwa inamtaja wa kwanza tu.

Sasa safari yenyewe. Tulipanga kwenda watu kumi na watatu, tukaenda kumi na mmoja, kwa sababu wawili kibali chao cha kutoka kambini hakikutoka. Sababu tulipewa tatu tofauti na mtu yuleyule. Tulipanda Hiace Muyinga kupitia Karuzi mpaka Gitega. Gitega ni mji mkuu wa siasa tangu mwisho wa 2018, lakini asubuhi bado una utulivu wa mji wa ndani. Tulipita kwenye makumbusho ya taifa, yaliyofunguliwa 1955: vikapu, ngoma, mikuki, picha za zamani za watu wa mwami. Ni chumba ambacho ukikimbia unakimaliza kwa dakika tano, ukienda polepole kinakula saa mbili. Tuliangalia pia boma la Wajerumani la 1912. Halafu kusini.

Njia ya Rutovu inapanda. Piramidi iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na sisi wa Muyinga tuliozoea joto tulijuta kuacha makoti. Mnaiona kwa mbali, kijipembe juu ya majani. Mliowahi kuona picha za Giza mtacheka, kama sisi tulivyocheka. Halafu unafika, unaweka mkono juu ya mawe baridi, unageuka nyuma, na kicheko kinaisha chenyewe. Vilima vinakwenda, vinakwenda, mpaka macho yanachoka. Aliyechagua mahali pale alikuwa na macho mazuri, hiyo hatumnyimi.

Chini, kwenye Kasumo, maji yanatoka kwenye bomba dogo. Ndiyo, bomba. Unene wa mkono wa mtoto. Muzee mmoja alikuwa anapitisha ng'ombe wake, tukamsalimia.

«Amahoro, muzee.»

«Amahoro, bana banje. Mmetoka wapi?»

«Muyinga. Kambini.»

Alinyamaza kidogo, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akasema kwa Kirundi: «Basi maji haya mnayajua. Yanapita kwenu.»

Dada mmoja wa kikundi alimuuliza kama kweli mzungu ndiye aliyegundua chemchemi. Muzee alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Akasema bibi yake aliteka maji pale, na bibi wa bibi yake, na wote hawakuwa wamepotea. Alichogundua mzungu, akasema, ni kwamba maji yanafika Misiri. Hilo bibi hakulijua. Tuliona ni jibu la haki kuliko yale tunayosoma, kwa sababu halimpi mgeni kila kitu na halimnyang'anyi kila kitu.

Kuna ugomvi kati ya Burundi na Rwanda juu ya chemchemi ipi ndiyo yenyewe, na vijana wa nchi mbili hizi wanarushiana maneno kama ni mpira. Sisi tunaona wanagombana juu ya maswali mawili tofauti. Ukiuliza chemchemi iliyo kusini zaidi, ni Kasumo. Ukiuliza njia ya maji iliyo ndefu zaidi, watu waliopanda mto wote mwaka 2006 walisema ni Nyungwe. Mto wenyewe, wenye urefu wa kilomita zaidi ya 6,600, haujawahi kuwa na kichwa kimoja. Una maelfu ya vijito na kila kilima kinachangia. Kuweka piramidi kwenye kimoja ni uamuzi wa binadamu.

Na muzee alikuwa na haki, yanapita kwetu. Maji ya Kasumo yanaingia Ruvyironza, Ruvyironza inakutana na Ruvubu upande wa Gitega, halafu Ruvubu inageuka kaskazini mashariki, inapita Karuzi, inapita kwenye ile mbuga yenye viboko na nyati kati ya Muyinga na Cankuzo, inaingia Tanzania. Pale Rusumo inaungana na maji ya Rwanda, kisha Kagera, kisha Ziwa Victoria, Jinja, Sudani, Misri. Hayahitaji kibali.

Rusumo, msomaji anayefanya kazi na wakimbizi lazima alijue jina hilo. Mwisho wa mwezi wa nne 1994, kwenye daraja la pale, watu karibu 250,000 walivuka kutoka Rwanda kwenda Tanzania ndani ya siku moja hivi, na chini ya daraja maji yalikuwa yamebeba maiti za waliouawa. Leo pale kuna bwawa la umeme la megawati 80 ambalo Burundi, Rwanda na Tanzania zinagawana. Tukifikiria maji yaleyale yaliyotoka kwenye bomba la unene wa mkono wa mtoto, tunaona piramidi imewekwa kwenye sehemu rahisi kuliko zote. Kwenye chemchemi kila mtu anataka kuandika jina lake.

Sasa swali letu.

Mwezi wa tatu tuliulizwa, kwa ajili ya siku ya wakimbizi ya tarehe 20 mwezi wa sita, kikundi kipendekeze kitu kidogo cha kujenga kambini. Bajeti ni ndogo, mawe yako, simenti mifuko michache. Nusu yetu walitaka mnara mdogo wenye majina ya vijiji tulivyotoka. Nusu walisema ni wazimu, mgao wa chakula umepunguzwa, mnataka mawe? Tengenezeni benchi kwenye bomba la maji, mama wakae wakisubiri.

Waliopinga wana ushahidi mzuri. Hapa kambini liko jengo la pambo tayari. Ni payoti ya vijana, imejengwa vizuri kabisa, nyasi safi, maua mviringo mbele na mawe ya chokaa. Ina kufuli. Inafunguliwa wageni wakija, tunakaa ndani tunapigwa picha tukisoma vitabu, wageni wakiondoka inafungwa na vitabu vinabaki ndani. Hatutaji ni ya nani, wenyewe wakisoma watajijua. Bwana wa Chartres angalau hakusema piramidi yake ni kwa ajili ya vijana.

Lakini jengo zuri na jengo la kutumika si lazima vipigane, na mfano uko hapahapa Muyinga. Mwaka 2012 lilimalizika jengo la maktaba kwenye shule ya watoto viziwi, lililochorwa na wasanifu wa BC Architects kutoka Ubelgiji na kujengwa na watu wa pale. Kuta ni matofali ya udongo wa palepale yaliyoshindiliwa bila kuchomwa, miti ya paa ni mikaratusi, juu ni vigae vya udongo. Mbele kuna baraza ndefu, kama nyumba zetu. Na ndani, juu juu, wametandika wavu mkubwa wa kamba za mkonge, mtoto anapanda, analala humo na kitabu chake. Ule wavu hauhitajiki. Mtoto anaweza kusoma kwenye benchi. Waliuweka kwa sababu ni raha, na ndio kitu ambacho kila aliyefika huko anakizungumzia.

Baada ya Rutovu tulikaa tena. Hatukukubaliana wote, msidhani. Ila waliotaka benchi walirudi na jambo jipya: majina yanaweza kuandikwa kwenye benchi. Waliotaka mnara wakasema benchi litakaliwa, majina yatafutika. Dada aliyemuuliza muzee swali akajibu kwamba majina yakifutika kwa kukaliwa na mama wa Fizi na mama wa Kalehe, yeye hana shida, tutayachonga tena. Kuhusu kilatini hatukuhitaji kura, hakuna anayekitaka. Na tuliongeza sharti moja: watakaobeba mawe na kuchanganya simenti, majina yao yaandikwe upande wa nyuma, hata kama walilipwa.

Hesabu ya mpaka jana: vijiji na mitaa 64, kuanzia Uvira, Fizi, Mwenga, Walungu, Kalehe mpaka Masisi. Viwili vimeletwa kwa tahajia mbili tofauti na wazee wanabishana. Anayetaka mahali pake paingie ampelekee katibu wetu jina limeandikwa wazi, kabla fundi hajaanza kuchonga. Ndugu mlioko Musenyi na Bwagiriza, tumeni kwa simu ya mtu yeyote anayekuja huku. Mafundi wanaanza Jumatatu mvua ikikubali.